Jina la Penseli

Nianze na ukweli wenyewe, nisije nikaonekana mtu mwema bure: nilimwonea wivu yule binti tangu siku ya kwanza alipoingia ofisini na kuniamkia shikamoo.

Shikamoo yenyewe ndiyo iliyoniuma. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, sina mvi hata moja, na bado nikijihesabu binti. Yeye alikuwa na ishirini na sita, katoka kaskazini, kaletwa Ruangwa na barua ya ajira na begi la magurudumu lililokuwa likikwama kwenye mchanga wetu mwekundu. "Shikamoo dada," akasema, akanishika mkono kwa mikono miwili. Nikaitikia marahaba. Moyoni nikasema, haya, umekuja kunizeesha.

Alikuwa ameletwa kwa ajili ya kompyuta. Zilifika tatu, zikakaa stoo ndani ya maboksi yake kwa miezi kwa kukosa mtu wa kuziwasha. Binti akapewa chumba chake peke yake, chenye feni na mapazia, chumba ambacho mimi nilikuwa nimekiomba miaka mitatu kwa ajili ya mafaili yangu yaliyokuwa yakiliwa na mchwa. Niliomba kwa barua tatu. Zote zilipokelewa, maana aliyezipokea ni mimi mwenyewe. Nilikuwa karani wa masjala, chumba kinachopokea barua zote za ofisi na kutunza mafaili yote. Nilizipiga mhuri, nikaziweka kwenye faili, na nadhani zimo humo mpaka leo.

Kazi ya masjala nilianzia Nachingwea, miaka ya tisini, kabla Ruangwa haijakatwa kuwa wilaya. Karani mkuu aliyenifundisha alikuwa mzee wa Kimwera, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Huyo alinifundisha jambo moja ambalo halimo kwenye mwongozo wowote wa serikali. Huku kwetu mtoto hupewa jina akizaliwa, na akitoka jando hupewa jingine, na lile la kwanza linazikwa. Si jambo la mzaha hilo. Mwanamume mzima ukimwita kwa jina lake la utoto, tena mbele za watu, umemvua nguo. Watu wameshikiana mapanga kwa ajili hiyo. Sasa serikali nayo ina karatasi zake. Shule ilimwandika mtoto wa miaka minane kwa jina la utoto, kijiji kikaja kumwandika mtu mzima kwa jina la jando, na mtu mmoja akawa na mafaili mawili.

"La ukubwa andika kwa wino," karani mkuu aliniambia. "La utoto andika kwa penseli, pembeni. Usilitamke. Mtu akikuuliza, mwonyeshe kwa kidole."

Ruangwa ilipopewa wilaya yake, mimi na yeye tulikaa sakafuni wiki tatu tukigawa mafaili. Naipingo inabaki, Likunja inakwenda. Mbwemkuru inakwenda. Vumbi lilitutoka puani mpaka tukawa tunapiga chafya kwa zamu. Kila tulipomkuta mtu mwenye mafaili mawili, nilimwandika kwenye kaunta buku moja ya jalada gumu, wino huku, penseli kule. Nilihamia Ruangwa na mafaili, na kaunta buku hiyo nikaja nayo, nikaitia kwenye droo yangu chini ya kanga. Karani mkuu alifariki mwaka uliofuata. Kwa hiyo mtu aliyejua ile kazi ya penseli akabaki mmoja, na sikufichi, nilijivunia.

Lazima nimtaje na mjomba wangu, maana yote haya yanamwangukia yeye. Alikuwa kaka wa mama yangu, mkulima wa ufuta na mbaazi kule Likunja. Kwetu mjomba ni mzito kuliko baba. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki, yeye ndiye aliyenipakia kwenye baiskeli na sanduku langu la bati kunipeleka shule. Miaka ninayoisimulia alikuwa amepita sitini, na macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu. Mtoto wa jicho, walisema, unaondoka kwa upasuaji mdogo tu. Lakini hospitali ilikuwa mbali, na matibabu ni ya kulipia isipokuwa kwa mzee mwenye kitambulisho cha wazee. Kitambulisho hakuna. Akawa anaishi kwa kupapasa, anatambua watu kwa sauti na kwa kuwashika. Nilipokwenda kumwona alikuwa anaweka mkono begani kwangu tunatembea shambani, mimi nikimwambia mmea gani umetoa ua.

Basi ulipotangazwa mradi wa vitambulisho vya wazee, nilifurahi kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Bosi wetu wa utawala alituita mkutanoni, akasema orodha ya wazee itaingizwa kwenye kompyuta, na kila idara italeta ilichonacho. Afya walete wagonjwa wao, Elimu walete madaftari ya shule ili umri ujulikane, Masjala itoe majina ya vijijini, na Mipango, yaani yule binti, aviunganishe vyote viwe kitu kimoja. "Kidole kimoja hakivunji chawa," bosi akasema, na akatutazama mmoja mmoja. Tukapangiwa kukutana kila Jumatano.

Nilikwenda Jumatano ya kwanza na nia njema kabisa. Nilifunga kilemba kipya. Kaunta buku nilikuwa nayo kwenye mkoba.

Sasa sikiliza kilichotokea. Nilikuwa na shoga yangu, muuguzi wa Idara ya Afya, mtu wa Songea. Miaka minane tumekula chakula cha mchana sahani moja, ugali wa muhogo na kisamvu, leo analeta yeye, kesho naleta mimi. Siri zake zote ninazo. Siku hiyo naingia, namkuta amekaa karibu na yule binti mbele ya kompyuta, wanacheka machozi yanawatoka, na mkono wa shoga yangu uko kwenye paja la mwenzake kama walivyozoea kukaa watu waliokua pamoja. Kumbe binti alikuwa anamwonyesha namna ya kucheza karata ndani ya mashine. "Njoo uone maajabu!" shoga yangu akaniita. Nikasema macho yananiuma.

Halafu binti akaanza kueleza mpango wake. Akasema vizuri, kwa upole, sina la kumsingizia. Akasema orodha ikishaingia kwenye kompyuta, jina lolote litatafutwa kwa sekunde chache, "na haya madaftari tutayapumzisha." Akaelekeza kidole upande wangu, si kwa ubaya, ni kwa kuwa nilikaa upande wa kabati. Bosi akapiga makofi. Shoga yangu naye akapiga makofi.

Tutayapumzisha! Nikakumbatia mkoba wangu na kaunta buku ndani yake, na sikuifungua siku hiyo wala Jumatano zilizofuata.

Baada ya hapo wivu ulinikaa hasa. Kila alichofanya kiliniudhi. Akivaa sketi, naona fupi. Akivaa ndefu, naona anajifanya mcha Mungu. Alipojifunza kusalimia kwa Kimwera, watu wote wakamshangilia, mimi nikasema matamshi yake mabaya, na kweli yalikuwa mabaya, lakini nani aliniuliza? Mchana nilisubiri na kontena langu la chakula mpaka ugali unapoa, kumbe shoga yangu yuko kule kwenye feni anakula chipsi. Nilikula peke yangu katikati ya mafaili. Nilikuwa mtu mzima mwenye mtoto mmoja sekondari, na nililia kwa sababu ya ugali.

Madaftari ya shule za zamani yalikuwa yamebaki Nachingwea, kwenye stoo moja katika yale majengo ya enzi ya mradi wa karanga wa Waingereza. Bosi akanituma mimi na binti tukayachukue kwa gari la ofisi. Tulipofika alisimama mlangoni akashangaa maboksi yale yalivyopangwa, yamefungwa kamba, yameandikwa kwa mwandiko mkubwa. "Nani alifanya kazi nzuri namna hii?" akauliza. Nilikuwa mimi, mwandiko ulikuwa wangu. Nikamwambia sijui, wazee wa zamani. Ona ujinga wa wivu: mtu ananisifu mimi mwenyewe bila kujua, na mimi naikataa sifa ili asipate raha ya kunipa.

Wiki mbili baadaye akaja masjala na karatasi mbili mkononi. Nakumbuka alivua viatu mlangoni kwa sababu nilikuwa nimetoka kupiga deki, na akasimama pale na soksi zake.

"Dada, nisaidie. Huyu wa shule na huyu wa kijijini, baba yao mmoja, babu mmoja, kijiji kimoja. Jina la kwanza tu ndilo tofauti. Na si huyu peke yake, wako wengi. Ni mtu mmoja au ndugu wawili?"

Nikatazama. Bila shaka mtu mmoja. Yule wa shule ni jina la utoto, na yule wa kijijini ni jina la jando. Kaunta buku ilikuwa kwenye droo, goti langu linaigusa.

"Mtu mmoja," nikasema.

"Sasa nichukue jina lipi? La shule si ndilo lenye mwaka wa kuzaliwa? Nadhani la shule ndilo rasmi."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Maneno kumi yangetosha. Nilimtazama yule binti na soksi zake, nikamkumbuka shoga yangu na chipsi zake, nikakumbuka barua zangu tatu. Nikasema, "Wewe ndiye mtaalamu. Mashine si inajua kila kitu?"

Akacheka, akidhani ni utani. "Basi la shule?"

"Sawa tu," nikasema.

Nilivyopanga kichwani ni hivi. Orodha ingebandikwa ubaoni kwenye ofisi za vijiji kwanza, kama ilivyokuwa desturi. Wazee wangesomewa kimyakimya na wajukuu wao, wangekasirika, wangekuja ofisini na bakora zao, na binti angeaibika mbele ya bosi. Halafu mimi ningefungua droo taratibu. Nilikuwa nimeshaona mpaka nitakavyoifuta vumbi ile kaunta buku kabla ya kuwapa. Kuhusu mjomba nilijua kuwa alisoma shule miaka miwili, kwa hiyo atakuwa humo kwa jina la shule. Jina lenyewe nilikuwa silijui. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kulitamka mbele yangu, na kwa kuwa hakuwahi kuwa na faili, hata kwa penseli sikuwa nalo. Rasimu ya orodha ilipoletwa masjala niihakiki, niliruka kurasa za Likunja nisizisome.

Ubaoni haikubandikwa. Wakubwa kutoka mkoani walitangaza kwamba watakuja, na bosi akataka sherehe. Likunja ikachaguliwa kuwa ya kwanza. Orodha ilichapwa asubuhi ileile, printa ikilialia, na tukaenda nayo ikiwa bado ya moto.

Nilitangulia nyumbani kwa mjomba kumchukua. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia ya kufuma, amekaa kitini tangu alfajiri, ndivyo shangazi, yaani mkewe, alivyoniambia. "Leo natoka gizani, mpwangu," akasema. Akaweka mkono begani kwangu, tukaenda taratibu mpaka uwanja wa shule. Wazee walikuwa wamekaa safu za mbele kwenye madawati ya wanafunzi, magoti juu. Nyuma yao kijiji kizima, wake zao, wakwe zao, wajukuu. Hatukupata dawati tupu, tukasimama pembeni ya safu ya kwanza, mkono wake ukiwa begani kwangu.

Mgeni wa mkoani akahutubia, kisha akasema aliyetengeneza orodha ndiye apewe heshima ya kuisoma. Binti akapanda jukwaani, amefunga kitenge kipya, karatasi mkononi. Akapewa kipaza sauti. Kikakoroma mara moja, *krrr*, akakigonga kwa kidole.

Nilikuwa na muda wa kutosha. Nasema hivi kwa sababu kwa miaka mingi nimejidanganya kuwa mambo yalikwenda haraka. Hayakwenda haraka. Alinyoosha karatasi. Alikohoa. Ningeweza kunyanyua mkono, ningeweza kusema "subiri mama," na pale pale yote yangekwisha. Nilisimama tu.

Akataja jina la kwanza, kwa sauti safi ya shule, na jina la baba na la babu.

Kimya. Hakuna aliyeinuka. Kumbe wote walijua ni nani, kwa jina la baba, na wote wakatazama chini. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, maskini, akidhani mzee hasikii vizuri. Nyuma mwanamke mmoja akasema "Mama yangu!" na kujiziba mdomo. Akataja la pili. Kimya. Alipotaja la tatu, kijana mmoja huko nyuma akashindwa kujizuia akacheka, na mzee wa safu ya mbele akasimama, akakung'uta kanzu, akapita katikati ya watu akaondoka bila kugeuka. Mkwewe alikuwa pale. Hebu fikiria, mbele ya mkwe. Binti akawa anatabasamu, anatafuta kwa macho mtu wa kumwambia kuna nini, na macho yake yakanifikia mimi. Nikatazama pembeni.

La saba lilikuwa la mjomba wangu. Nililitambua kwa jina la babu yangu lililolifuata. Jina la kwanza lilikuwa fupi, la kitoto kabisa, la kudekeza, jina ambalo mama mwenye mtoto mgongoni angelitamka huku akitwanga. Nililisikia kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kwenye kipaza sauti, pamoja na watu mia kadhaa.

Mkono ulitoka begani kwangu. "Mjomba," nikasema. Akageuka na bakora yake, akaanza kupapasa njia ya kurudi, watu wakimpisha. Nilimfuata nikitaka kumshika, akautoa mkono wangu kwa upole kama unavyoutoa wa mtu usiyemfahamu.

Jioni niliipeleka ile kadi nyumbani. Ilikuwa imeshatengenezwa, imetiwa plastiki, na jina lile limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa. Hakuigusa. "Aliyeitwa pale tulimwacha jandoni," akasema. "Kadi yake mpelekeeni huko." Nikamwambia kuhusu macho, kuhusu hospitali, kuhusu daktari. Akasema ataishi hivyo hivyo, giza halijamuua. Shangazi alikuwa jikoni analia, na mimi nikarudi Ruangwa na kadi kwenye pochi.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Kwangu hayakusubiri kuwa mjukuu. Kesho yake nilimkuta binti kwenye chumba chake, feni imezimwa, anafungasha vitu vyake kwenye lile begi la magurudumu. Bosi alikuwa amemfokea mbele ya wote, shoga yangu akiwamo. Macho yake yalikuwa yamevimba. Nilifungua mkoba, nikaitoa kaunta buku, nikaiweka juu ya kompyuta. Sikuifuta vumbi.

Akafungua ukurasa, akafungua mwingine. Akapitisha kidole kwenye wino, akapitisha kwenye penseli. Ana akili, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Unayo tangu lini, dada?"

"Tangu Nachingwea."

Akaifunga kaunta buku. Nilisubiri matusi, na kwa kweli niliyatamani, maana yangenipa nafasi ya kukasirika. Akasema tu, "Kaa basi tufanye kazi," akawasha feni.

Tulikaa wanne, Mipango, Afya, Elimu na Masjala, si Jumatano tu bali kila siku kwa wiki sita. Tulikwenda kijiji kwa kijiji bila kipaza sauti. Shoga yangu aliwapima wazee presha mmoja mmoja chumbani, na wakiwa peke yao aliwauliza kadi iandikwe jina gani. Mwalimu wa Elimu alitafuta mwaka kwenye daftari. Mimi nilionyesha kwa kidole. Na binti akabuni kitu ambacho ninakionea wivu mpaka leo: jina la utoto aliliweka kwenye safu yake peke yake, kwa rangi ya kijivu hafifu, na akaipangia mashine isilichape kamwe wala isilionyeshe mpaka utie neno la siri. "Hii ndiyo penseli yako," akaniambia. Wakubwa walipokuja kukagua wakamsifu sana kwa ubunifu huo. Akawaambia wazo ni la masjala. Wakaitikia "vizuri, vizuri," wakaendelea kumsifu yeye.

Alisisitiza pia kwenda kuwaomba radhi wale waliotajwa pale uwanjani, nyumba kwa nyumba. Nilimsindikiza kama mkalimani wa Kimwera. Kwa mjomba alipiga magoti kwenye mchanga, akasema, "Mzee wangu, kosa ni langu. Mimi ni mgeni, sikujua. Sikumuuliza mtu." Sikumuuliza mtu! Aliniuliza mimi, amesimama na soksi. Alijua, nami nilijua kwamba anajua, na kinywa changu kikatafsiri neno kwa neno, hata hilo la mwisho. Mjomba alinyoosha mkono akapapasa kichwa chake. "Inuka, mpwangu," akamwambia. Akapokea kadi mpya.

Mpwangu. Mpwa wake ni mimi! Wivu ukanipanda upya pale pale, katikati ya aibu yangu, haukuona haya.

Nilimpeleka mjomba hospitali mwenyewe. Walimfanyia jicho la kulia kwanza, na asubuhi ya pili muuguzi akafungua bandeji. Alipepesa, akatokwa na machozi, akaangalia mikono yake, akaangalia dirisha, kisha akaniangalia mimi kwa muda mrefu. "Umenenepa," akasema. Tukacheka wote, hata muuguzi.

Halafu akauliza, "Yule mpwangu wa kompyuta hakuja?"

Sikujizuia. Niliyokuwa nimeyameza mwaka mzima yakanitoka pale wodini. "Mpwa wako ni mimi! Niliyekuleta hapa ni mimi! Kila mtu yule, yule, yule, kwani mimi nina nini?"

Aliacha nimalize. Jicho lake jipya lilikuwa jekundu na halikuondoka usoni kwangu.

"Siku ile uwanjani," akasema, "nilikuwa nimeshika bega lako. Kipaza sauti kilikoroma tu, hakijataja mtu, bega likaruka. Nikajiuliza, huyu ameshtuka nini, mbona bado halijasemwa neno? Baadaye nikajua." Akajiweka sawa kwenye mto. "Mwenzio aliomba radhi kwa asilolijua. Nilikuwa nangoja na radhi ya anayejua."

Nilipiga magoti kwenye sakafu ya wodi na nikaiomba. Nililia kwa sauti mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani. Mjomba aliweka mkono begani kwangu, mahali pale pale, akauacha hapo.

"Lile jina bado limo kwenye mashine?" akauliza.

"Tulilifuta. Nilibonyeza mimi mwenyewe."

"Na wewe lifute," akasema. "Usilikumbuke tena."

Nikamwahidi. Alifariki miaka sita baadaye, anaona vizuri, baada ya kuvuna ufuta wake. Yule binti alihamishwa, ana watoto, bado hunipigia simu na kuniamkia shikamoo. Humu sijataja jina la mtu yeyote, na wasomaji wangu wanisamehe kwa hilo, kwani ndiyo adabu niliyofundishwa. Lakini ahadi yangu kwa mjomba sijaitimiza. Kila nikisikia kipaza sauti kikikoroma, hata cha matangazo ya sokoni, lile jina fupi linakuja lenyewe, kwa sauti ya binti yule, na mimi, niliyeahidi kulifuta, ndiye ninayelitunza.